Walivyompaka Naimah Masizi

Mayimuna haamini hata chumvi mpaka ailambe, na chumvi ndiyo iliyomlea. Alizaliwa Katwe, kwa watu wanaoingia ziwani kukata chumvi kwa mikono, na mpaka leo ukimletea kilo moja ya dukani anaweka punje ulimini, anafumba jicho moja, ndipo anakwambia asante. Kama anakwambia. Mimi Yudesi nimekaa naye meza kwa meza katika soko letu hapa Bwera tangu watoto wetu wakitambaa, yeye akiuza vitenge, mimi kahawa na vitunguu, na nasema mbele ya Mungu kwamba sijaona mtu anayeshuku watu kama yule mwanamke.

Ukifika kwenye meza yake haamkii. Anauliza kwa ukali, "Nani huyo? Sema." Hata kama mmeachana naye asubuhi hiyohiyo, mpaka useme. Ukimpa noti anaisugua kwa kidole gumba, anaikunja, anaikunjua, kisha anampa Maate, fundi viatu wa upande wa pili, naye aipitishe machoni. Kitenge kipya kikija kutoka ng'ambo anakitafuna pembeni. Benedicte, mteja wake wa kutoka Kongo, alimwuliza siku moja, "Mama, weye uko nakula bitenge?" Mayimuna akamjibu, "Nakula, ndiyo maana mwizi hanili." Sisi tukacheka. Yeye hakucheka.

Na usidhani tulimwona mwendawazimu. Hapa mpakani na Kongo kushuku ni sehemu ya akili. Maafande wametufundisha kwamba mgeni usiyemjua ni wa kutolea taarifa kwanza, karibu inafuata baadaye. Tofauti ni kwamba sisi tunawashuku wageni, na Mayimuna anatushuku na sisi.

Mumewe, marehemu Sulaiti, alikuwa dereva wa lori, akipakia saruji kiwandani Hima na kuileta huku. Alipofariki, Mayimuna hakurudi kwao Katwe. Alibaki na meza yake na mtoto mmoja, Naimah, wa kaka yake aliyetangulia mbele ya haki. Naimah humwita Senga, yaani shangazi, na kwa watu wao senga ndiye mwenye msichana. Ukitaka kumwoa msichana, huanzi kwa baba. Unaanzia kwa senga.

Naimah mwenyewe ni mtoto mtulivu, lakini si mpole wa kukanyagwa. Alipomaliza kidato cha sita alikwenda Kasese, akakaa kwa jamaa zao, na kila siku akawa anashinda kwa daktari Blasio, yule anayepima macho na kutengeneza miwani. Alikuwa hafanyi kazi ya kuajiriwa pale. Alikuwa anatazama tu, anafuta vioo, anawashika mkono wazee mpaka kwenye kiti. Mayimuna alisema hakuna mtu anayekuruhusu kutazama kazi yake bure, lazima kuna kitu Blasio anakitafuta. Alimpigia simu Blasio mwenyewe kumwuliza anatafuta nini. Blasio akasema, mama, binti yako anajifunza, na wewe siku moja uje nikupime. Mayimuna akakata simu. "Unaona?" akaniambia. "Nilijua tu. Anatafuta wateja."

Basi Ijumaa moja, siku ya soko, Naimah akarudi na habari kwamba anaomba chuo cha wapima macho. Shangazi yake alikuwa anakunja vitenge, akamwuliza bila kuinua uso, "Wanataka nini huko?"

"Kwanza alama, Senga. Fizikia, baiolojia, kemia. Hizo ninazo. Halafu wanataka uwe umekaa na mpimaji, umeiona kazi yenyewe kwa macho yako. Halafu wanakuita wanakuhoji. Wanatazama mikono yako, wanatazama unavyomsikiliza mtu. Na wanachunguza mwenendo wako, unaishije na watu wa kwenu."

Mayimuna akaacha kukunja. "Mwenendo? Tangu lini chuo kinauliza mwenendo? Mwenendo unaulizwa na wakwe."

"Mgonjwa wa macho mnakaa naye gizani, Senga, uso kwa uso. Hawawezi kumpa kazi hiyo mtu yeyote tu."

"Gizani?"

"Chumba kinazimwa taa ili jicho lionekane ndani."

"Na wanaume nao mnakaa nao?"

"Na wanaume."

Mayimuna akanigeukia mimi, ungesema chuo ni changu. Nikajifanya napepeta kahawa. Naimah akacheka, akambusu shangazi yake kichwani, akaenda kuteka maji. Lakini nilimwona mtoto yule jinsi alivyokuwa. Alikuwa anataka kitu kile mpaka chakula kilikuwa hakipiti. Kwa Bwera yetu hii hakuna msichana aliyekuwa ameomba chuo kama hicho, na Naimah alijua kwamba asipochukuliwa mwaka huo, mwaka unaofuata atakuwa kwa mtu.

Na huyo mtu tulimjua jina. Hakim, mwenye malori yanayokwenda Kasese na kurudi, ndevu kapaka hina, wake wawili nyumbani na jicho likitafuta wa tatu. Alikuwa ameanza kukaa kwenye meza ya Mayimuna anakunywa chai anayoileta mwenyewe kwenye chupa. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mayimuna alikuwa anainywa ile chai. Hilo nililiweka moyoni.

Sasa nieleze desturi moja ya sokoni kwetu, maana bila hiyo hutaelewa tulichokifanya. Mwanamke akitumwa kumchunguza msichana wa kuolewa, hasemi katumwa. Anapita sokoni, ananunua vitunguu viwili vitatu, anauliza maneno ya pembeni: yule binti anaamkaje, ana mdomo, anaheshimu. Kama tunataka msichana aolewe, tunamsifu mpaka tunachoka. Kama hatutaki, hatukatai, kwa sababu kumkatalia mtu usoni ni kununua uadui wa mpaka wajukuu. Tunampaka masizi tu. Tunasema mvivu, tunasema chakula chake kinaungua. Mchunguzi anarudi mikono mitupu na hakuna aliyetukanwa. Sufuria yenye masizi haiibiwi, ndivyo tunavyosema, na msichana mwenyewe haambiwi kitu.

Jumanne iliyofuata, soko limejaa, akaja mwanamke nisiyemjua. Mnene wa kiasi, miwani ya fremu nyembamba, viatu bapa vya mtu anayetembea sana. Alikwenda moja kwa moja kwa Mayimuna.

"Nani huyo? Sema."

Yule mwanamke akashtuka kidogo, kisha akaamkia vizuri, kwa adabu. "Naitwa Alliance. Nimekuja kwa habari ya binti yenu Naimah. Kama hamtajali, ningependa nizungumze na majirani pia." Akatoa kadi ndogo, akampa kwa mikono miwili.

Mayimuna akaipokea. Akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, akaigeuzia kwenye mwanga, akaitikia kwa kichwa. Mimi nilikuwa palepale, nimeona kwa macho yangu haya mawili. Akaitia kifuani. "Sawa," akasema, "nimeona. Zunguka tu, uliza unayemtaka." Mgeni naye akaridhika, akijua amejitambulisha. Akashukuru, akaanza kuzunguka.

Hata hajafika meza ya tatu, Mayimuna akamwita Maate kwa sauti ya chini. "Mutu ya Hakim huyo," akasema. "Masizi."

Neno hilo moja lilitosha. Likamtangulia mgeni kama moshi. Alipofika kwa Maate, Maate akaweka chini kiatu alichokuwa anashona, akasikitika kabisa. Mikono ya binti yule inatetemeka, akasema, hata kikombe cha chai hawezi kukifikisha mdomoni. Muuza samaki akasema ana hasira, aliwahi kumpiga mteja kwa kambare. Mwingine akasema analala mpaka jua liko utosini. Mgeni akasikiliza yote, hakuandika hata neno, akawa anauliza mambo ambayo kwetu yalikuwa wazi kabisa. Je, mtu akimwuliza jambo lilelile mara nyingi, anakasirika? Tukasema moyoni, nyumba ya wake wenza inataka subira. Je, anaweza kutunza siri ya mtu? Tukasema, enhe, Hakim ana siri zake. Je, anashika vitu vidogo bila kuviangusha? Hapo sikuelewa, lakini nikafikiri labda kuna mtoto mchanga huko.

Alipofika kwangu nilimwambia simjui. Mtoto ambaye nimembeba mgongoni mpaka kiuno kikapinda, nikasema simjui, muulize mwingine. Akanunua vitunguu, akanitazama kwa ile miwani, akaenda zake. Jioni tulicheka sana. Maate alituonyesha jinsi alivyotetemesha mkono, na hata Mayimuna alicheka, jambo ambalo si la kila mwaka.

Ijumaa Naimah akashuka kutoka Kasese, uso unang'aa. Akatuamkia meza zote. "Mama Yudesi, Maate, wote, wasingya, asanteni sana. Madam Alliance wa chuoni kanipigia simu. Anasema alikuja hapa Jumanne kuwaulizeni. Siku hizi hawaziamini barua za sifa kwa sababu watu wanazinunua, wanakuja wenyewe kusikia. Mlimwambia nini?"

Maate akainama akatafuta msumari ambao haukuanguka. Naimah akatutazama mmoja mmoja, na ule mng'ao ukaanza kuondoka usoni.

"Senga," akasema, "anasema alikupa kadi."

"Kadi," akasema Mayimuna. "Kadi kila mtu anachapisha. Hata mwizi iko na kadi."

"Ilikuwa imeandikwa chuo."

"Nimesema kila mtu anachapisha."

Naimah akamtazama shangazi yake muda mrefu. Nilingoja alie, nilingoja apige kelele, ingekuwa mimi ningepindua ile meza na vitenge vyake. Yeye akainama tu, akaokota kitenge kilichokuwa kimeteleza, akakikunja, akakirudisha. "Haidhuru, Senga," akasema. "Wameniita kuhojiwa Kasese wiki ijayo. Nitajibu mwenyewe." Ndipo akaenda nyuma ya kibanda, na huko nilimsikia analia kwa sauti ya kuzuia.

Sisi wengine tulifuata neno, lakini Mayimuna alishika ile kadi. Alisoma. Aliitikia kwa kichwa, akasema nimeona. Kwa hiyo alijua ni chuo, na akatutuma tumharibie mtoto jina mbele ya chuo, kwa kutumia desturi yetu wenyewe. Kwa nini? Nikaunganisha na ile chai ya chupa. Chuo kikimkataa, Naimah anabaki, Hakim anampata, senga anatulia karibu na mtoto wake na malori yanambebea marobota. Kikulacho ki nguoni mwako, nikajisemea. Miaka yote anashuku watu, kumbe alikuwa anatupima kwa kipimo chake mwenyewe.

Nikamwambia wazi. "Mayimuna, ile kadi uliisoma."

"Niliisoma."

"Iliandikwa nini?"

Akavuta kitenge, akakikunja. Kisha akasema, "Yudesi, wewe angalia vitunguu vyako."

Basi nikaangalia vitunguu vyangu. Hatukusemezana tena. Nikaanza kuweka gunia langu upande wake ili nisione mkono wake ukipita, na Hakim alipokuja na chupa yake nilikohoa mpaka akaondoka. Nilimchukia yule mwanamke, sifichi.

Siku ya kuhojiwa ilipokaribia ndipo akanisemesha. "Uende naye Kasese," akasema.

"Kwa nini usiende wewe senga wake?"

"Nani ataangalia vitenge? Wewe nenda. Kaa karibu na mlango. Ukiona wamezima taa, gonga."

Nikajua, au nikadhani najua, kwamba anaogopa kukutana uso kwa uso na yule Alliance. Nikakubali kwa ajili ya mtoto, si kwa ajili yake.

Kasese joto lake mnalijua. Walikuwa wamekodi chumba kimoja mjini, madirisha yote wazi, na mimi nikawekewa benchi barazani chini ya dirisha. Sikuwa nachungulia, maneno yalinifuata nilipokaa. Ndani walikuwa wawili, Alliance na mzee mmoja wa chuoni mwenye sauti ya kukwaruza. Yule mzee akaanza na mambo ya fizikia, mwanga unapinda vipi, mimi sikuelewa, lakini Naimah alijibu bila kukwama. Kisha nikasikia kitu kinawekwa mezani. Mzee akamwambia, hii miwani mkono wake umetoka, na hii ndiyo skrubu yake, irudishe wakati tunaongea. Mimi nikajiinua kidogo nikaona. Ile skrubu ilikuwa ndogo kuliko punje ya ulezi.

"Kwa nini macho?" akauliza Alliance.

Naimah akaeleza alivyowaona watu wa Katwe wakirudi kutoka ziwani macho mekundu, wakisema ni uchovu. Akaeleza ya kwa daktari Blasio. "Kitu nilichojifunza zaidi pale ni kwamba watu hawasemi hawaoni," akasema. "Mtu anakwambia taa yenu mbovu. Anakwambia herufi mmeandika vibaya. Mwingine anabahatisha, anaitaja herufi kwa sauti kubwa ili usimwulize tena. Nilidhani ni wakali. Halafu nikaona kwamba mkali kuliko wote ndiye anayeogopa kuliko wote."

"Na ukijua anabahatisha, unafanyaje?"

"Simwambii umekosea. Namwuliza tena baadaye, kwa njia nyingine."

Alliance akasema, "Naimah, nilikwenda kwenu. Nimefanya kazi hii muda mrefu, sijawahi kusikia waombaji wakisemwa vile. Wanasema una hasira. Wanasema unalala mpaka mchana. Fundi viatu aliapa kwamba mikono yako inatetemeka. Mama mmoja wa vitunguu anasema hakujui kabisa. Unatuambia nini?"

Pale kwenye benchi nilitaka ardhi ipasuke. Nikasikia Naimah anaiweka ile miwani mezani, na yule mzee anaichukua, anakunja mkono wake, anaukunjua. Ulishika.

"Hawakusema kwa ubaya, Madam," akasema Naimah. Akawaeleza desturi yetu yote, mchunguzi, vitunguu, masizi. "Walidhani umetumwa na mtu anayetaka kunioa. Walikuwa wananikinga. Yule mama wa vitunguu amenibeba mgongoni."

Mzee akacheka, lakini Alliance hakucheka. Nilimjua ni mtu wa kushuku kama sisi. "Hilo ningeliamini," akasema, "isipokuwa jambo moja. Nilimpa shangazi yako kadi yangu. Inasema mimi ni nani na natoka wapi. Aliisoma mbele yangu. Kwa hiyo, ama shangazi yako hataki usome, ama wewe unatutungia hadithi. Ni lipi?"

Hilo ndilo swali langu mwenyewe. Nikakaa mbele kwenye benchi.

Naimah alijibu kwa sauti iliyoshuka. "Hakuisoma. Hawezi. Shangazi yangu haoni, Madam. Wa karibu hamwoni vizuri na wa mbali hamwoni vizuri, na kila mwaka inazidi. Anatafuna kitenge kwa sababu hasomi maandishi ya pembeni. Anampa fundi viatu noti kwa sababu haioni. Anauliza nani huyo kwa ukali ili mtu aseme amjue kwa sauti. Watu wanadhani anawashuku. Anawashuku kweli, maana mtu usiyemwona uso utamwaminije? Nimejua tangu nikiwa shule ya msingi. Nilikuwa namsomea vitu kwa sauti nikijifanya najifunza kusoma."

"Amepimwa?"

"Hataki. Akipimwa itajulikana, na sokoni ikijulikana huoni, umekwisha. Sijui kama ni mtoto wa jicho au ni miwani tu ingetosha. Ndiyo maana nataka kujua."

"Anajua kwamba unajua?"

"Hapana. Kumwambia bila kuwa na cha kumpa ni kumvua nguo mbele za watu. Nataka kwanza niwe na kitu mkononi." Akaongeza, "Hili nimelisema kwa sababu mliuliza kama hataki nisome. Sikutaka mtoke humu mkimwona mbaya. Naomba libaki humu."

"Litabaki humu," akasema Alliance.

Humu. Na mimi niko nje chini ya dirisha, mdomo ambao soko zima linaujua. Nililia pale barazani, nikajifuta kwa leso yangu inayonuka vitunguu, ambayo haisaidii mtu anayelia. Nilimlilia Mayimuna, na nililia kwa hasira pia, kwa sababu miaka yote amekaa pembeni yangu na hakunishika mkono aniambie, Yudesi, sioni.

Tukarudi Bwera. Sikumwambia Naimah kwamba nimesikia. Mayimuna aliponiuliza walimwuliza nini nikasema mambo ya mwanga. Akauliza kama walizima taa, nikasema ilikuwa mchana. Akaniambia, "Wewe umekuwa kimya sana. Nani kakununua?" Nikamwambia ni joto la Kasese. Lile gunia langu nikaliondoa.

Simu ya chuo ilikuja wakati wa kuvuna kahawa. Naimah amechukuliwa. Maate alipiga magoti akaomba msamaha kwa kila kikombe alichowahi kukitikisa, Benedicte akampa mtoto kitenge cha kwaheri, na Hakim alipokuja Mayimuna akamrudishia chupa yake ikiwa imejaa. "Mtoto iko nasoma," akamwambia. Mimi nikasema moyoni, samahani mama, hata chai nilikusingizia.

Jioni hiyo tulibaki wawili tunafunga meza, jua bado lipo. Mayimuna alikuwa anakunja kitenge kimoja muda mrefu kuliko kinavyohitaji.

"Wameona nini kwake," akauliza, "baada ya masizi yote yale?"

"Wanasema anawaona watu vizuri."

Akafikiri. "Siku ile mlango ulikuwa wazi?"

"Dirisha ndilo lilikuwa wazi."

"Basi ulisikia."

Hakuuliza, alisema tu. Nilijua nikifungua mdomo ama nitamdanganya ama nitamvua nguo, na yote mawili sikuyataka.

Mayimuna akatia mkono kifuani, akatoa ile kadi. Ilikuwa imelainika kwa jasho, pembe zimekunjika. Kumbe alikuwa nayo siku zote, hakuitupa. Aliinyoosha kuelekea nilipo, pembeni kidogo, si sawasawa na mkono wangu.

"Nisomee," akasema.

Nikapangusa mikono kwenye gauni. Nikamsomea jina la Alliance, nikamsomea mwalimu, nikamsomea chuo, nikamsomea macho. Alisikiliza midomo ikifuata, kama mtu anayejifunza dua.

"Rudia," akasema. "Na usogee karibu. Uso wako sijauona tangu Sulaiti afe. Naijua sauti yako tu."

Nikavuta kigoda mpaka magoti yetu yakagusana, nikaisoma tena tangu mwanzo.